Mikisa Ikisimama, Funga Kostiki Kwanza

Nyinyi mlioajiriwa juzi pale kiwandani, mliniita nije niwape mawaidha ya mstaafu. Mkanipa kiti cha plastiki na chupa ya maji, nikaongea karibu saa nzima, mkanipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku zile nilipokuwa nikifanya shifti mbili. Kuongea hakukunichosha. Kilichonichosha ni yule msichana wa maabara, Chepkoech, aliyeinua mkono akauliza: "Mama Awino, ripoti ya ile ajali ya zamani inasema mikisa ya kukoroga sabuni iliwaka yenyewe stima iliporudi. Lakini swichi yake bado iko stoo, nimeiona. Ni ya kubonyeza. Stima ikipotea inajizima, na haiwezi kuwaka mpaka mtu aibonyeze. Sasa nani aliibonyeza?"

Nikafungua chupa, nikanywa maji polepole mpaka meneja akasema muda umekwisha.

Basi nimekaa chini niandike lile ambalo sikusema. Mtanivumilia. Mtu wa umri wangu hakumbuki mambo kwa foleni, na mgongo wangu hauniruhusu kukaa mezani muda mrefu. Nitaandika kidogo, nilale, niandike tena.

Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za mstari za wafanyakazi wa shamba la chai. Baba alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma, akasema atarudi kwao baada ya miaka miwili, akazikwa hapa hapa Kericho. Mimi nilikikimbia kikapu cha chai nikaingia kwenye sabuni, nikidhani sabuni ni kazi safi. Jina lake lilinidanganya. Kiwanda wakati huo kilikuwa banda la mabati, boila ya kuni, na harufu ya mafuta ya ng'ombe ambayo ilinifuata mpaka kanisani. Kwenye kwaya kuna dada aliyehamia upande wa sauti ya tatu ili tu asisimame karibu yangu, na sauti ya tatu hakuiweza.

Nyinyi mnaona vioo na kompyuta, kwa hivyo niwaeleze kilivyokuwa. Mafuta yalitoka kwa wachinjaji wa Chebunyo, kule kwenye mifugo, yakaletwa na lori kila wiki. Tuliyayeyusha kwenye tangi kubwa la chuma. Juu yake, kwenye jukwaa, kulikuwa na tangi dogo la kostiki, ile soda kali inayounguza, tuliyoiyeyusha kwa maji. Kostiki ilishuka kwa bomba lenye valvu ya mkono, ikaingia kwenye mafuta ya moto. Katikati ya tangi kubwa ndipo palipokuwa na mikisa: mota juu, shafti ndefu inashuka ndani, na mapanga manne chini. Ngazi ya kuchungulia ilikuwa ubavuni. Hiyo ndiyo ilikuwa dunia yetu yote, na kazi yenyewe tuliiita kupika.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Bett, mtu wa Chebunyo, mrefu, asiye na haraka, aliyevaa kofia ya sufu chini ya helmeti hata jua likiwaka. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachojua.

Siku yangu ya kwanza hakunipa fagio kama nilivyotarajia. Alinipa chupa ya jamu iliyooshwa. Akamimina mafuta nusu, akamimina kostiki nusu, akaiweka dirishani.

"Msichana, unaona nini?"

"Mafuta juu, maji chini."

"Kuna sabuni?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi ngoja."

Nilingoja mpaka kesho yake. Mafuta yalikuwa juu, maji chini, na katikati kautando kembamba kama kale ka maziwa yaliyopoa. Akakagusa na kijiti. "Sabuni ni hii tu. Zimegusana hapa peke yake, kwa hivyo zimepika hapa peke yake." Halafu akachukua kijiti akakoroga, akakoroga, akanipa nami nikakoroga mpaka mkono ukaniuma. Yale yaliyokataa usiku kucha yakaanza kuwa meupe, yakawa mazito, na chupa ikapata joto mkononi mwangu bila kuwekwa motoni.

Shuleni walinifundisha kwamba ukitaka kitu kipike haraka uongeze moto. Hakuna aliyenifundisha habari ya kukoroga. Mzee Bett hakuwa amesoma zaidi ya darasa la saba, lakini alijua kwamba mafuta na kostiki hukutana kwenye ngozi tu, na ukitaka ngozi nyingi lazima uyavunje mafuta yawe matone madogo. "Fujo," ndivyo alivyoita. "Ile fujo kubwa ya panga izae fujo ndogo, nayo izae ndogo zaidi, mpaka tone la mafuta liwe dogo kuliko punje ya wimbi." Juzi Chepkoech aliniambia kwamba kitabuni wanaita mtiririko wa vurugu. Nikacheka. Mzee angefurahi kusikia kwamba wenye vitabu nao wamekubali kwamba ni fujo.

Akanifundisha pia kubakisha ndoo moja ya sabuni ya jana na kuitia kwenye mafuta kabla ya kostiki, kwa sababu sabuni iliyokwisha kuiva inasaidia yale mawili kushikana. Msipofanya hivyo mtakoroga hadi mchana mkitazama mafuta yanaelea. Hiyo hata kompyuta yenu inaijua sasa. Mwenzenu aliyeiandikia programu alinipigia simu kuuliza.

Na kuonja. Mnacheka, nawaona. Tulipima kama kostiki imekwisha kwa kugusa sabuni na ncha ya ulimi. Ikikuchoma kama waya wa betri, bado. Ikinyamaza, imeiva. Ulimi wangu ulikufa ganzi upande mmoja, na marehemu mume wangu alikula mboga za chumvi nyingi miaka mingi akidhani ndivyo watu wa ziwani wanavyopika. Nyinyi msionje. Mna vidonge vya rangi, vitumieni. Mimi hata alama za vidole sina tena. Nilipoenda kufanyiwa kitambulisho kipya, yule kijana alinifuta vidole kwa kitambaa mara nne, mashine ikakataa mara nne, akaniuliza nimewahi kufanya kazi gani. Nikamwambia, "Usafi."

Sasa habari ya tangi jipya, ambayo niliwasimulia nusu.

Wenye kiwanda waliona sabuni inauzika, mpaka wachumaji wa Mogogosiek wanaiulizia, wakaleta tangi mara tatu ya lile la zamani, na mota kubwa kwa kipimo hicho hicho. Injinia aliyelileta alisema kupika ni kule kule, ni ukubwa tu umebadilika. Wiki mbili baadaye mama mmoja mwenye duka soko la Ndanai akaja na beseni la vipande vya sabuni kichwani. Akalitua mbele ya Mzee Bett.

"Hii upande huu inateleza tu kama mafuta ya nyama, haitoi povu," akasema. "Na hii ingine imebabua mikono ya wateja wangu. Nyinyi mnauza sabuni ama mnauza asidi?"

Mzee hakubishana. Alichukua kipande, akakigusa na ulimi, akatema. Akamwomba msamaha yule mama, akapanda ngazi, akasimama akitazama ndani ya tangi muda mrefu. Yote ilikuwa inazunguka pamoja, laini, inapendeza, na shimo katikati kama maji yanapotoka kwenye beseni.

"Si unaona inazunguka vizuri?" injinia akasema.

"Inazunguka. Sijui kama inachanganyika."

Akarusha konzi ya unga wa mkaa. Ule weusi ukakaa kwenye duara lake, ukazunguka, ukazunguka, haukuingia ndani wala haukutoka nje.

Saa ya chakula mimi ndiye niliyesonga ugali wa shifti, kwenye jiko la nyuma ya boila. Mzee akaja akasimama kichwani pangu.

"Awino, kwa nini huzungushi mwiko tu?"

"Nikizungusha tu utakuwa na madonge."

"Basi unafanya nini?"

"Naubana kwa ukuta wa sufuria, naugeuza, nauvunja."

"Kwa ukuta?"

"Kwa ukuta, Mzee. Utaungua, niache nimalize."

Kesho yake akaja na fundi wa kuchomelea na mabamba manne marefu ya chuma. Akayachomelea wima kwenye ukuta wa ndani wa tangi, kutoka juu mpaka chini. Injinia akauliza, "Tunalipia stima ili kitu kizunguke, halafu wewe unakizuia kisizunguke?" Watu wakacheka. Tulipowasha, mota ilinguruma, mshale wa stima ukapanda, na injinia akataka tuzime. Mzee akasema mota inalalamika kwa sababu leo ndiyo imeanza kazi. Lile shimo la katikati likapotea. Uso wote wa tangi ukawa unachemka kwa mikondo, huku ukizama na kule ukiibuka, kama mto chini ya maporomoko. Sabuni iliyokuwa inaiva saa kumi jioni ikaiva kabla ya chakula cha mchana, na mama wa Ndanai akarudi kununua.

Lakini siku hiyo hiyo Mzee aliniita kando. Alikuwa ameweka kiganja kwenye ubavu wa tangi. "Shika hapa." Nilishika nikaondoa mkono upesi. Moto wa boila ulikuwa haujaongezwa. Ni kostiki na mafuta zilikuwa zinapika kwa kasi mpya na kutoa joto lao zenyewe. "Hii tangi sasa ina nguvu," akasema. "Kazi yote iko kwa mikisa. Mikisa ikienda, kostiki inaisha kila inapoingia, kidogo kidogo. Mikisa ikisimama, kostiki inaendelea kuingia lakini haipiki. Ni nzito, inashuka chini, inalala pale. Inangoja." Halafu akasema yale maneno aliyoyarudia kila shifti mpaka tukawa tunamwigiza tukiwa msalani: "Mikisa ikisimama, funga kostiki kwanza. Kabla ya kuita mtu, kabla ya kuomba Mungu. Na stima ikirudi usiwashe. Niite mimi."

Alidai pia pipa la maji safi liwekwe hatua tatu kutoka kwenye ngazi, na ole wako akukute umechota humo maji ya kuosha gambuti.

Nimesimama hapa siku mbili bila kuandika.

Ilikuwa Jumamosi. Kwaya yetu ilikuwa na mashindano Mogogosiek, mimi ndiye niliyekuwa naanzisha wimbo, na gari la kanisa lilikuwa linaondoka saa nane. Shifti haiishi mpaka pishi liishe. Nilikuwa nimekuja na gauni la kwaya kwenye mfuko wa karatasi, nimelitundika kwenye msumari.

Kostiki ilikuwa imeanza tu kuingia wakati karani alipokuja kumwita Mzee Bett ofisini, kuna simu yake. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika valvu. Akaniita nitoke kwenye kipimajoto. Akasema, "Awino, valvu ni yako." Akafika mlangoni, akageuka, akanionyesha kidole, nami nikaitikia kwa kichwa, maana nilijua anachotaka kusema.

Haukupita muda mrefu stima ikapotea. Mapanga yakasimama. Lile banda ambalo siku zote lilikuwa na kelele likawa kimya, nikasikia kuku wa jirani.

Mkono wangu ulikuwa juu ya valvu. Sikusahau. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu miaka yote watu wamekuwa wakisema mtu alisahau. Nilikumbuka maneno yake yote, na nikaamua. Nilijiambia, stima itarudi sasa hivi. Nikifunga, tutaanza upya, tutachelewa. Nikiacha iingie, ikirudi tutakuwa tumeshatia yote na itabaki kukoroga tu. Nikaiacha. Nilisimama pale nikipitia ubeti wa kwanza kimoyomoyo, huku kostiki inashuka kwenye mafuta yaliyotulia, inalala chini.

Stima ilikaa zaidi ya robo saa bila kurudi. Hata pale ningeweza kufunga, ningeweza kumwita. Juu palionekana pametulia kama sufuria ya mafuta yaliyopoa.

Taa zikawaka. Mzee Bett alikuwa amesharudi, nilimwona akipanda ngazi upande wa pili, anakwenda kuchungulia kwa sababu alisikia tangi limenyamaza. Nilimwona. Nikafikiri, ataniuliza, atanizuia, tutachelewa. Nikabonyeza.

Niliibonyeza mimi, Chepkoech. Jibu lako ndilo hilo.

Mapanga yalizunguka labda mara kumi. Yale mabamba ya chuma ya Mzee yakafanya kazi yaliyochomelewa kuifanya. Kostiki yote iliyokuwa imelala chini ikakutana na mafuta yote kwa mara moja. Tangi likatetemeka, halafu likapanda. Mnajua maziwa yanavyopanda mkigeuza macho, basi namna hiyo, lakini kwa tangi linalozidi kimo cha mtu. Lilimpiga Mzee usoni na mkono wa kushoto. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Maji," kama mtu anayeagiza.

Nilimkokota mpaka kwenye pipa. Wengine walikuja na siki, wakaja na maziwa, nikawafukuza, nikammwagia maji, maji, maji, nikimfungua jicho kwa vidole, mpaka gari likapatikana. Makovu mnayoyaona mikononi mwangu ni ya siku hiyo. Daktari alisema yale maji ndiyo yaliyookoa jicho la kulia, kidogo. La kushoto halikuokoka.

Na kabla watu hawajafika, katikati ya kumburuta na kummwagia, kuna sekunde nilimwacha nikarudi. Nilipanda jukwaani nikafunga valvu. Nilisema moyoni nazuia hatari isiendelee. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli: sikutaka watu waikute wazi.

Kwaya ilienda bila mimi. Walishinda.

Baada ya wiki kadhaa alikuja kiwandani na bendeji, ameshikwa mkono, tukaitwa ofisini. Meneja wa wakati huo alikuwa na karatasi mbele yake. Akauliza nani alikuwa na valvu.

Mzee Bett akageuza uso kunitafuta. "Mimi sikumbuki vizuri," akasema. "Nakumbuka kuitwa. Nakumbuka mlango. Awino, si nilikuachia wewe? Sikukuambia?"

Nilikuwa na watoto wawili wadogo na mume ambaye kazi yake ilikuwa ya msimu. Nawaambia si kwa kujitetea, nawaambia mjue uongo unavyokuwa mwepesi. Ulitoka mdomoni kama salamu.

"Hapana Mzee. Hukuniambia."

"Na mikisa?" meneja akauliza.

"Iliwaka yenyewe stima iliporudi."

Mzee Bett akasema, polepole, "Basi ni mimi. Niliondoka nikaacha wazi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kipimo. Wakaandika uzembe wa mpishi mkuu, akapewa barua, akarudi Chebunyo. Mimi ndiye niliyepewa kazi yake, maana hakukuwa na mwingine aliyejua kupika.

Nikaifanya miaka hiyo yote. Niliifanya vizuri, na hakuna aliyeumia tena mkononi mwangu. Kila aliyeanza kazi nilimwambia maneno ya Mzee Bett, bila jina lake. Lori la mafuta likitoka Chebunyo dereva alikuwa anasema, "Mzee Bett anakusalimia, anauliza kama bado unaonja kwa ulimi." Nilituma salamu, nilituma sabuni, sikwenda. Siku ile walipoweka mtambo mpya, fundi alituonyesha kwa fahari jinsi mikisa ikipunguza kasi, valvu inajifunga yenyewe na swichi inakataa kubonyezwa mpaka mwenye ufunguo aje. Wengine walipiga makofi. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye magunia. Walidhani nilikuwa nalia kwa sababu ya kustaafu, wakaniletea soda.

Wiki iliyofuata swali la Chepkoech, nilienda Chebunyo.

Nilimkuta sebuleni, anasikiliza redio ya Kikalenjin, jicho lililobaki limeingiwa na ukungu. Nilimsalimia kwa lugha yake, "Chamgei," akazima redio.

"Awino," akasema. "Hiyo ni sauti ya Awino."

Mke wake, Bot Chelangat, aliniletea chai na akarudi jikoni. Tukaongea mvua, tukaongea ng'ombe. Akaniuliza kama yale mabamba bado yako kwenye tangi. Nikamwambia tangi la mtambo wa sasa limekuja nayo kutoka kwa waliolitengeneza. Akatabasamu. "Kumbe walijua."

Hapo ningeweza kuaga. Chai ilikuwa imekwisha.

"Mzee, valvu uliniachia mimi."

Nikaendelea.

"Ulisema, Awino, valvu ni yako. Ukafika mlangoni ukageuka. Stima ilipopotea sikufunga. Sikusahau. Nilikuwa nataka kuwahi gari. Na mikisa niliiwasha mimi, nikikuona kwenye ngazi."

Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza kama mpishi anavyouliza. "Kostiki iliingia kwa muda gani?"

"Zaidi ya robo saa."

"Valvu ilikuwa nusu?"

"Nusu."

Akahesabu kitu kichwani, midomo ikicheza. "Ndiyo," akasema. "Ingepanda hivyo." Halafu sauti yake ikakauka. "Unajua mimi nimejaribu kukumbuka? Nalala, naamka, najaribu. Nafika kwa mlango, nageuka, naona kichwa chako kinaitikia. Nikasema, hapana, Bett, unajitungia, unataka kumsingizia mtoto wa watu ndio ujisikie vizuri. Nikakataa hiyo picha. Nilijikataza mimi mwenyewe."

"Nisamehe, Mzee."

"Ngoja," akasema. "Hiyo baadaye." Akainua sauti akaita kwa Kipsigis, na Bot Chelangat akaja anafuta mikono. "Huyu mama wa nyumba hii amelisha watoto sita kwa mikono yake kwa sababu mume wake alikuwa mzembe. Wakwe zangu wanajua. Kanisani wanajua. Mpaka wajukuu wanajua babu alisahau." Akanyoosha kidole upande niliokuwa. "Mwambie. Sema yote, na usiharakishe, yeye hajui mambo ya mitambo."

Nikasema yote tena. Nilimweleza tangi lilivyokuwa, na mikisa, na kwa nini kostiki hulala chini isipokorogwa. Nilimweleza gauni lililokuwa kwenye msumari. Alikuwa amesimama nilipoanza. Nilipomaliza alikuwa amekaa kwenye mkono wa kiti cha mumewe, na hakunitazama mimi, alimtazama yeye, muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu usoni pake. Akamwambia maneno kwa lugha yao ambayo sikuyaelewa. Mzee akatikisa kichwa. Akamwambia tena, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Safari hii Mzee akaitikia, neno moja, na yule mama akajifunika mdomo kwa leso.

Alipoweza kuongea aliniuliza jambo moja tu. "Na kwa nini umekuja kusema leo?"

Sikumpa jibu la kanisani.

"Nimechoka, mama."

Mzee Bett akageuza uso taratibu kuelekea sauti yangu.

"Hata mimi," akasema. Akanyoosha mkono mke wake amsaidie kusimama, kwa sababu saa ya kukamua ilikuwa imefika.